Shangazi, baba yake anataka kuuza shamba ili binti yetu apone kisukari

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza, mkoa wa Tanga. Binti yangu wa kwanza ana miaka 12, yuko darasa la sita. Kisukari chake kiligundulika akiwa na miaka 8, tena baada ya kulazwa akiwa hajitambui, maana sisi tulidhani ni malaria. Tangu hapo anachoma insulini asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula, ile ya mchanganyiko yenye rangi kama ya maziwa. Tunaichukua kliniki. Stripu za kupimia tunapewa chache. Zikiisha tunanunua tukiwa na hela, tukikosa tunakisia kwa kumwangalia tu.

Mwaka huu mjomba wake aliyeko Maskati alituletea vihisi vitatu, vile vidude vya duara vinavyobandikwa nyuma ya mkono, pamoja na simu yake ya zamani ya kusomea. Tukabandika kimoja. Shangazi, nilifurahi sana, unaona namba wakati wowote bila kumtoboa mtoto kidole. Lakini usiku wa nne simu ikalia saa tisa. Kuangalia, 2.9 na mshale unaelekea chini. Mwanangu kalala, shuka limelowa jasho. Nikamwamsha, nikampa maji ya sukari mpaka ikapanda. Usiku mwingine ikawa vile vile. Siku ya 14 ikafika, kihisi kikazima. Tangu hapo silali. Najiuliza, miaka yote hii sukari ilikuwa inamshuka hivyo na mimi nimelala chumba cha pili?

Vihisi vimebaki viwili. Binti mwenyewe hataki tena kwenda nacho shule. Wenzake walimwita roboti, mmoja akataka kukibandua.

Sasa baba yake ameona video kwenye simu, kuna mtu China amepona kabisa kwa kuwekewa seli shina. Ndugu yetu mmoja akamwambia yupo wakala Dar es Salaam anayepeleka wagonjwa nje. Tuna shamba la michungwa aliloachiwa na marehemu baba yake. Mnunuzi ameshapatikana. Nikimwambia asubiri, anasema basi tuuze tununue pampu ya insulini kama watoto wa Ulaya. Mama mkwe naye anasema ipo sindano mpya ya mara moja kwa wiki, rafiki yake wa Dar anaitumia na sukari imetulia, kwa nini mtoto atobolewe kila siku? Tena anasema insulini yetu ilishaharibika, kwa sababu hatuna friji, tunaiweka kwenye mtungi.

Nikipinga naonekana sitaki mwanangu apone. Nifanye nini? Na binti ameniomba nikuulize: ni lazima avae kile kitu shuleni?

Mama N., Muheza

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na naanza na usiku, kwa sababu mnunuzi wa shamba anaweza kusubiri lakini usiku wa leo hausubiri.

Sukari ya 2.9 kwa mtoto aliyelala ni hatari. Chini ya 4 tunaita imeshuka, chini ya 3 imeshuka vibaya, na mtoto akiwa usingizini huenda asiamke mwenyewe kuomba msaada. Shuka lililolowa jasho linanionyesha kwamba kihisi kilisema kweli. Na sababu yake huenda iko kwenye ile chupa yenye rangi ya maziwa. Insulini ya mchanganyiko ina sehemu mbili ndani yake: moja inafanya kazi haraka kwa ajili ya chakula, nyingine inakwenda taratibu na kufikia nguvu zake kati ya saa nne na saa kumi tangu kuchomwa. Hesabu mwenyewe. Amechoma saa kumi na mbili jioni, amekula, amelala, na sehemu ile ya taratibu inakuwa na nguvu kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, wakati tumboni hamna kitu. Kama siku hiyo alicheza rede au aliruka kamba jioni, misuli inaendelea kuvuta sukari usiku kucha.

Kwa hiyo usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda wiki hii, na simu ya mjomba uibebe, maana ile grafu ya siku 14 bado imo. Mfungulie daktari au nesi, mwonyeshe zile nyakati za usiku. Ukisema tu "sukari inashuka usiku" utapewa ushauri wa jumla. Ukiweka grafu mezani, dozi ya jioni itaangaliwa kwa macho mengine. Uliza pia kama mtoto anaweza kuhamishiwa kwenye insulini mbili tofauti: moja ya muda mrefu inayokwenda sawasawa bila kupanda na kushuka, kama glargine, na nyingine ya haraka wakati wa kula. Shirika la Afya Duniani liliingiza insulini hizo za muda mrefu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na mwaka 2025 likaongeza zile za haraka. Si kila kituo kinazo, lakini mzazi anayeuliza kwa jina la dawa hurudi na jibu, hata likiwa la kuelekezwa hospitali nyingine. Dozi msiibadilishe wenyewe nyumbani.

Mpaka mtakapoonana na daktari, mpime kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 7, ale kitu cha wanga: kipande cha muhogo, mkate, uji. Weka stripu moja kwa ajili ya saa tisa usiku, hata kama mchana itabidi mjibane. Kitandani kwake kuwe na kikombe chenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, na maji pembeni. Ikishuka, koroga, anywe, subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda mpe chakula kidogo. Akiwa hawezi kumeza au hajitambui, usimimine chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mpake asali au sukari iliyoloweshwa kidogo upande wa ndani wa shavu, na safari ya hospitali ianze hapo hapo.

Halafu lile swali ulilojiuliza kuhusu miaka iliyopita. Mwanangu, inawezekana ilikuwa inashuka, na hukuwa na namna ya kujua. Mtoto aliyepimwa asubuhi na jioni anaonekana mara mbili kwa siku, na usiku wote uko gizani kwa mama yeyote, awe Muheza au London. Vihisi vya aina hii vilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014. Kabla ya hapo wazazi wengi, hata matajiri, waliamka saa tisa na kutoboa kidole. Umetumia kile ulichokuwa nacho, na mtoto wako yuko darasa la sita.

Sasa hivyo vihisi viwili vilivyobaki. Wengi wanadhani kifaa kama hicho ukikosa cha kubandika kila baada ya siku 14 basi hakina maana. Mimi naona tofauti. Kihisi kinachovaliwa mara chache kwa mpango kinakufundisha mwenendo wa mwili wa mtoto, na ukishaujua unaweza kuulinda kwa stripu. Kimoja mvalishe baada ya daktari kubadilisha dozi, ili muone kama usiku umetulia. Cha pili kiwekeni kwa majira yanayobadilisha mambo. Binti yako anaingia umri wa kuvunja ungo, na homoni za ukuaji huifanya insulini isitoshe. Sukari itapanda bila sababu mnayoijua, na siku za hedhi zitakuwa na tabia yake. Hapo siku 14 za kuona kila kitu zitakuwa na thamani kubwa kuliko sasa.

Kuna mambo mawili ya kukijua. Ule uzi mwembamba ulio chini ya ngozi hausomi damu, unasoma majimaji yaliyo kati ya seli, na majimaji hayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Sukari ikiwa inakimbia, namba unayoiona ni ya muda kidogo uliopita, ndiyo maana mshale una maana sawa na namba. Mtoto akikwambia anatetemeka na kihisi kinasema 5.6, mwamini mtoto, toboa kidole. La pili ni mkono anaoulalia. Akikilalia kihisi kwa muda, majimaji yanasukumwa pembeni na namba inaporomoka ilhali sukari iko salama. Simu ikilia usiku, mgeuze kwanza, kisha pima kidole. Kama ni jasho na baridi kama usiku ule, mpe sukari, kupima kutafuata.

Mjomba wa Maskati ni mtu wa kushukuriwa, na nina neno lake. Programu za vihisi hivi hufungwa kwa nchi: kihisi cha nchi moja kinaweza kukataa kusomwa na programu ya nchi nyingine. Kwa hiyo simu ile aliyowapa isifutwe wala kuuzwa, na asinunue kihisi cha mahali pengine kabla ya kuuliza. Aangalie tarehe ya kuisha muda, na mzigo usikae juani. Lakini kama ananiruhusu, ningemwomba abadilishe zawadi. Hela ya vihisi, au sehemu kubwa yake, iende kwenye stripu, na aitume kila mwezi kiasi kile kile. Mtoto anayechoma insulini anahitaji kupimwa walau mara nne kwa siku. Nyinyi mnakisia kwa kumwangalia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi katika barua yako kuliko China na pampu zote. Uso wa mtoto hauonyeshi sukari ya 14, na ukija kuonyesha ya 3 umechelewa. Kliniki yenu waulizeni pia kama jina lake limeandikishwa kwenye mpango wowote unaosaidia watoto wenye kisukari kupata insulini na vipimo bure. Ipo mipango kama Changing Diabetes in Children, inayofanya kazi Tanzania na Kenya kupitia kliniki, na Chama cha Kisukari Tanzania kinaweza kuwaelekeza. Kuna watoto wanastahili na hawajaandikishwa, kwa sababu tu mzazi hakuuliza na aliyekuwa mezani siku hiyo alikuwa na foleni ndefu.

Nije kwa baba watoto. Ukimsomea barua hii, msomee sehemu hii akiwa ameshiba na ametulia, maana mwanaume aliye tayari kuuza shamba la urithi kwa ajili ya binti yake ana mapenzi makubwa, na asijibiwe kama mjinga. Alichokiona kipo. Mwaka 2024 watafiti wa China walitangaza habari za mwanamke wa miaka 25 aliyetibiwa Tianjin. Walichukua seli kutoka kwenye mafuta ya mwili wake, wakazirudisha kwenye hali ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa za aina nyingine, wakazilea mpaka zikawa za kutengeneza insulini, wakazirudishia tumboni mwake. Baada ya siku 75 aliacha kuchoma. Ni kweli, na mimi nilipoisoma nilisimama.

Ila video haikusema yote. Mwanamke yule tayari alikuwa anatumia dawa za kuzuia kinga ya mwili kwa sababu alishapandikizwa ini. Kisukari cha aina ya kwanza, kama cha binti yenu, kinatokana na kinga kushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ukiweka seli mpya bila kuituliza kinga, kuna hatari zishambuliwe kama zile za kwanza. Mwaka uliofuata, kampuni ya Vertex ya Boston ilitoa matokeo ya watu 12 waliopewa dozi kamili ya seli zilizotengenezwa maabara: mwaka mmoja baadaye, 10 walikuwa hawachomi insulini. Ni habari kubwa mno. Wote walikuwa watu wazima ambao sukari iliwashuka vibaya bila wao kuhisi dalili, na wote wanameza dawa za kuzuia kinga, zinazomwacha mtu wazi kwa maambukizi na kuongeza uwezekano wa saratani. Kumpa dawa hizo binti wa miaka 12 wa Muheza, kwenye malaria na kifua kikuu, ili aepuke sindano anazozimudu, hakuna daktari mwaminifu atakayekubali. Huko Uppsala, Sweden, wamejaribu kwa mtu mmoja seli zilizohaririwa vinasaba ili kinga isizione, bila dawa hizo. Seli ziliishi na kutoa insulini. Walimwekea chache kwa makusudi, ya kujaribu usalama tu, kwa hiyo bado anachoma.

Mwambie baba yake hivi: mlango unafunguka, na binti yenu ana umri mzuri wa kuufikia. Lakini leo mlango huo uko kwenye majaribio ya kisayansi, na kwa kawaida anayeshiriki jaribio la kweli halipii matibabu anayojaribiwa. Wakala anayetaka bei ya shamba ampeleke mtoto nje akapone kisukari anauza kitu ambacho wenye nacho hawajaanza kukiuza. Akikazana, aulizwe mambo ya kuandikwa kwenye karatasi: hospitali gani, daktari gani, jaribio limesajiliwa kwa namba gani, wanapokea watoto wa miaka mingapi, na dawa za kuzuia kinga atalipia nani baada ya kurudi. Karatasi hiyo mpeni daktari wa kliniki aisome kabla ya mnunuzi kutoa hata shilingi. Na neno moja nalisema kwa ukali kwa sababu nimeshuhudia watoto wakiletwa wamechelewa: mtu yeyote, awe wa China, wa mitishamba au wa maombi, akisema mtoto aache insulini kwanza ili dawa yake ifanye kazi, ondokeni hapo. Mtoto wa aina ya kwanza akikosa insulini siku moja au mbili anaanza kutapika, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva sana, na baada ya hapo ni koma. Hali hiyo mnaijua, ndiyo mliyodhani ni malaria.

Pampu ni jambo lingine, hiyo inauzwa. Zile za kisasa zinaongea na kihisi na kupunguza au kuongeza insulini zenyewe, ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Uingereza, taasisi inayoshauri matibabu ilizipendekeza Desemba 2023 kwa wagonjwa wa aina ya kwanza, na huduma yao ya afya ikapanga miaka mitano kuzifikisha kwa wanaostahili. Watoto hao wa Ulaya wanalala vizuri, na wazazi wao pia. Lakini angalia kinachoifanya iende: mrija na sindano yake vinabadilishwa kila baada ya siku mbili tatu, kihisi kipya kila baada ya wiki moja au mbili, insulini ya haraka tupu, na mtu wa kupigia simu ikigoma. Kule serikali inalipa mwezi baada ya mwezi. Shamba likiuzwa litanunua mashine. Vya kubadilisha kila wiki vitanunuliwa na nini, wakati michungwa iliyokuwa inalipa ada haipo? Tena pampu haina insulini ya muda mrefu ndani yake. Mrija ukiziba usiku, mtoto anabaki bila insulini kabisa na ndani ya saa chache mambo yanaharibika. Mimi nisingeiweka kwenye nyumba ambayo stripu zinakatika katikati ya mwezi. Shamba libaki. Mavuno yake yanaweza kununua stripu kila msimu, na baba yake atakuwa amemtibu binti yake kwa shamba lile lile.

Mama mkwe naye mpe heshima yake, kwa sababu amechanganya vitu viwili vinavyochanganywa hata na wasomi. Sindano ya wiki aliyoisikia kwa rafiki yake wa Dar bila shaka ni ya kundi la semaglutide. Ni dawa nzuri kwa kisukari cha aina ya pili, na Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa aina hiyo wenye matatizo ya moyo au figo na unene uliozidi. Kazi yake kubwa ni kuihimiza kongosho itoe insulini sukari inapopanda, na kupunguza njaa. Kongosho ya mjukuu wake haina tena cha kuhimizwa. Ukimpa hiyo na kuacha insulini, yatakuwa yale yale ya kutapika na kuhema. Ipo pia insulini halisi ya mara moja kwa wiki, inaitwa icodec, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2024 kwa watu wazima. Marekani mwaka huo huo waliikataa, na washauri wao walihofia sukari kushuka kwa wagonjwa wa aina ya kwanza. Insulini ya wiki nzima ikishaingia huwezi kuitoa, na mtoto wenu tatizo lake ni hilo la kushuka. Mama mkwe kama yeye mwenyewe ana sukari, aulizie kliniki, ila asinunue sindano hizo mkononi kwa mtu. Feki zipo, na dunia nzima ilitahadharishwa mwaka 2024. Na akitokea wa kuwaletea saa ya mkononi inayodai kupima sukari bila kutoboa, msiitumie kupangia dozi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo.

Kuhusu mtungi, hapa nina furaha kukujibu. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walikwenda kulipima jambo hili Dagahaley, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, mahali pa joto kuliko Muheza. Walifuatilia joto ndani ya nyumba ya mgonjwa wa kisukari, likawa linacheza kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaenda maabara wakaiweka insulini kwenye joto hilo hilo la kupanda na kushuka kwa wiki nne, wakailinganisha na iliyokuwa baridini. Nguvu yake ilikuwa ile ile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kwa miaka mingi wazazi wasio na friji walikuwa wanatembea kilomita nyingi kwenda kituoni kuchomesha watoto wao kila siku, kwa kuogopa kitu ambacho hakuna aliyekipima mahali wanapoishi. Mimi nauhesabu utafiti huo sawa na hizo pampu, kwa sababu umefika hadi nyumba yenye mtungi.

Kwa hiyo endelea na mtungi, vizuri. Uwe wa udongo usiopakwa rangi, ukae kivulini penye upepo, nje uwe na unyevu. Chupa iingie ndani ya kifuko kisichopitisha maji, isiogelee. Chupa ikishafunguliwa andika tarehe kwa kalamu kwenye karatasi ya gundi, ikifika wiki nne itupwe hata kama imebaki. Kabla ya kuvuta, iviringishe viganjani taratibu mpaka ile nyeupe ichanganyike yote. Ukiona mabonge yasiyoyeyuka au chembe zimeganda kwenye kioo, hiyo usichome. Usiiache kwenye gari wala dirishani penye jua, na isigandishwe hata siku moja. Kuliko friji la jirani la kugandishia samaki, mtungi wako ni salama zaidi.

Twende kliniki sasa. Nenda na baba yake. Usiende peke yako kisha urudi na taarifa, kwani itaonekana ni maneno yako. Aingie ndani, aione grafu, amuulize daktari mwenyewe kuhusu China. Mwombe tu jambo moja kabla ya siku hiyo: mnunuzi asipokee jibu.

Na wewe binti, umeuliza swali na mama amelifikisha. Hapana, si lazima ukivae shuleni. Ni mwili wako na una haki ya kusema. Vaeni likizo, na vaeni pale daktari atakapobadilisha dozi. Ikiangukia siku za shule, fulana ya mikono mirefu ndani ya shati la sare inakificha, au kinaweza kufungwa kwa bendeji ya kawaida juu yake. Aliyetaka kukibandua mwalimu amjue, kwa sababu kile kina uzi ndani ya ngozi na kingekuumiza. Lakini bila kihisi kuna masharti yangu kwako. Begi liwe na mashine ya kupimia, stripu mbili, na sukari au pipi kwenye mfuko wa mbele, zisizoliwa na rafiki. Pima kabla ya michezo. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho au kushindwa kusoma maandishi ubaoni, unakula sukari hapo hapo darasani bila kuomba ruhusa, na mama atakwenda wiki hii kumweleza mwalimu wa darasa ili asije akakukataza. Awepo na rafiki mmoja anayejua sukari iko mfuko gani. Mchague wewe mwenyewe.

Shangazi